Dondoo muhimu: Harusi Unguja, wageni kutoka ng'ambo

Kwanza kalenda. Epukeni masika, Machi hadi Mei. Mvua ya Aprili haijali turubai. Angalieni pia Ramadhani inaangukia lini.

Kinachosahaulika ni bahari. Paje na Jambiani maji yakitoka hutoka kweli: saa ya picha mnakuta mwani, tope na ngalawa zimelala ubavu. Ulizeni nyakati za kupwa na kujaa kabla ya kuchapisha kadi, na ratiba ifuate maji, si mshereheshaji. Nungwi na Kendwa hakuna usumbufu huo sana.

Watumieni wageni ujumbe mmoja, mapema: viza waombe mtandaoni, na bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, walipie kabla ya kupanda ndege. Mifuko ya plastiki waiache kwao, ni marufuku.

Uwanja wa ndege hadi Nungwi ni zaidi ya saa moja, hivyo kodini Coaster badala ya msururu wa teksi. Siku ya kuwasili msiwabane, wapumzike, jioni wale urojo Forodhani. Wakitembea Mji Mkongwe, mabega na magoti yafunikwe. Waambieni mapema, kabla hawajafunga mabegi.