Kibali na Vifaranga: Kufuga Samaki Nyumbani Thika na Ruiru

Je, unataka kufuga samaki kwenye tangi, maji yao yenye mbolea ya kinyesi yakuze sukuma wiki yako? Ufugaji huo huitwa akuaponiki. Kabla ya kununua tangi, muone afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yako. Tangu katiba ya 2010 kazi hiyo imo mikononi mwa kaunti, kwa hivyo muulizie kwenye ofisi za kilimo na mifugo za Kaunti ya Kiambu, Thika au Ruiru.

Mweleze ukubwa wa tangi, maji yanatoka wapi, na kama samaki ni wa kula au wa kuuza. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, maana anayeuza huhitaji leseni ya biashara ya kaunti, na Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya 2016 humhusu zaidi. Uliza pia kuhusu kibali cha kusafirisha samaki. Ada zote akuandikie. Ulipe kwa njia rasmi, udai risiti.

Samaki gani? Ngege, yaani tilapia, au kambare. Ngege hunawiri kwenye nyuzi 25 hadi 30, na baridi ya Julai humdumaza. Kambare ni mvumilivu, ila humeza wenzake wadogo, kwa hivyo nunua wa saizi moja.

Vifaranga wa samaki wanapatikana Sagana, kwenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, njia ya kutoka Thika kwenda Nyeri. Piga simu kwanza. Kifaranga huuzwa kwa shilingi chache tu, kulingana na ukubwa. Kwa ngege, omba madume watupu. Wakichanganyika watazaana hadi tangi lijae vidagaa visivyokua.

Usichote samaki Mto Chania wala bwawani: huleta magonjwa, na uvuvi una leseni yake. Wa kutoka nje ya nchi wanahitaji kibali cha Huduma ya Uvuvi ya Kenya kabla hujaagiza. Wala usimwage wako mtoni. Kamba wekundu walioingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 walitafuna mimea ya chini ya maji, na hadi leo hakuna aliyeweza kuwaondoa.

Maji ya mfereji yana klorini, dawa inayoua samaki. Yaache wazi kwenye tangi siku mbili. Vifaranga wakifika, acha mfuko wao uliofungwa uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20, kisha changanya maji kidogo kidogo kabla ya kuwaachia. Chakula kingoje kesho yake.