Injini ya Nitro Ikichemsha, Tafuta Hewa Kwanza

Injini ya gari la rimoti linalotumia nitro hukimbia kwa kasi kuliko siku zote muda mfupi kabla ya kunoki. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Ukikaza sindano ya kabureta, mafuta yanapungua, sauti inakuwa nyembamba na kali, gari linachomoka, na mwenyewe anasema sasa imekubali. Mizunguko michache baadaye nguvu inakatika ghafla, injini inazima, na kichwa chake hakishikiki.

Mafuta ya injini hizi ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili. Methanoli ikigeuka mvuke hunyonya joto jingi, kwa hiyo mafuta yenyewe ndiyo yanayopoza injini. Oili nayo haina mlango wake: inaingia pamoja na mafuta hayohayo. Ukiyapunguza kupita kiasi, umepunguza kipozeo na kilainishi kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo, joto ni kama homa: linakwambia kuna tatizo, halikwambii ni tatizo gani. Huenda sindano imekazwa mno. Huenda pia kuna hewa inayopenya mahali ambapo haikutakiwa. Ukifungua sindano ili kufidia hewa inayovuja, utapata nafuu leo na kero kesho. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: pima, tafuta uvujaji, kisha ndipo ushike bisibisi.

Kupima

Injini ikichemsha, izime kwa kuziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene. Kubana mpira wa mafuta nako huzima, lakini kunaiacha injini ikimalizia ikiwa na mafuta machache zaidi, na hilo silo inalohitaji wakati huo. Usimwagie maji. Zungusha gurudumu la injini kwa kidole mpaka pistoni ishuke chini, kisha iache ipoe yenyewe.

Kipimajoto unachohitaji ni cha kulenga kwa mwanga, cha fundi. Kile cha kupima paji la uso kilichoenea wakati wa Korona hakifai, kwa sababu hakifiki nyuzi zinazotakiwa. Lenga chini kwenye plagi, katikati ya kichwa cha injini, mara tu gari linaporudi kutoka kwenye mbio. Ukilenga mapezi ya alumini yanayong'aa, kipimo kitasoma chini ya hali halisi.

Injini nyingi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 95 na 130 za Selisiasi. Ikivuka 140, simama. Angalia pia kipimo chako kimewekwa kwenye nini, maana vitabu vingi vya Marekani hutumia Farenhaiti: 220 ya Farenhaiti ni 104 tu ya Selisiasi.

Namba peke yake haitoshi. Tazama moshi: gari likiwa kasi kamili lazima liache mstari wa moshi mwembamba unaoonekana. Kisha fungua plagi. Waya wake ukiwa na mng'ao na unyevu wa oili, mambo ni mazuri. Ukiwa umefifia rangi ya kijivu au umepinda, injini imekuwa ikikimbia na mafuta machache.

Kutafuta uvujaji

Injini inayovuta hewa ya wizi hujitambulisha. Unaachia triga, lakini mngurumo haushuki upesi. Unabaki juu, kisha unateremka polepole, au unapanda wenyewe gari likiwa limesimama. Leo sindano ikikaa vizuri, kesho ileile haifai.

Anza na vitu rahisi. Angalia mpira wa mafuta kama umepasuka au umebanwa, filta ya mafuta kama imejaa uchafu, mfuniko wa tangi na ringi yake ya mpira, na ule mpira mdogo unaotoa mgandamizo kwenye ekzosi kwenda kwenye tangi. Mpira huo ukichomoka au ukitoboka, mafuta hayasukumwi vya kutosha, na injini huchemsha hata kama sindano ziko mahali pake.

Kama vyote viko sawa, itoe injini ikiwa baridi. Ziba mdomo wa kabureta na tundu la ekzosi, unganisha bomba la sindano tupu ya hospitali kwenye mlango wa mafuta, itumbukize injini kwenye ndoo ya maji, kisha sukuma hewa. Usipulize kwa mdomo, kwa maana methanoli ni sumu. Viputo vikitoka kwenye shina la kabureta au kifuniko cha nyuma, hapo ndipo penye ugonjwa: safisha, kausha, pakaza silikoni ya gasketi inayostahimili joto, kisha kaza. Viputo vichache kwenye beringi ya mbele si ajabu. Vikiwa vingi, badilisha beringi. Ukimaliza, toa maji yote na utie oili mara moja.

Kurekebisha sindano

Sasa una haki ya kugusa kabureta. Kuna sindano mbili na skrubu moja. Sindano kubwa hutawala mafuta ya kasi ya juu, ndogo hutawala mafuta ya mwendo wa chini, na skrubu huamua injini ingurume kiasi gani gari likiwa limesimama, yaani sailensa. Kuzungusha sindano kulia ni kukaza, mafuta hupungua. Kushoto ni kufungua, mafuta huongezeka.

Kama hujui sindano zako ziko wapi, zifunge taratibu mpaka zigote, bila kulazimisha, kisha zifungue mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini. Ongeza robo mzunguko kwenye ile kubwa ili uanze na mafuta mengi. Hakikisha filta ya hewa ni safi na ina oili yake, na plagi ni nzima.

1. Pasha injini moto kwa dakika chache za mwendo wa kawaida. Usirekebishe chochote ikiwa baridi.

2. Anza na sindano kubwa. Kimbiza gari kwenye njia iliyonyooka. Likikohoa na kutoa moshi mzito, kaza kwa moja ya nane ya mzunguko, kimbiza tena mara mbili au tatu, kisha sikiliza. Sauti ikinyooka huku moshi ukiwa bado unaonekana, acha hapo. Halafu fungua moja ya nane kwa usalama. Utapoteza kasi kidogo na kuokoa pistoni.

3. Nenda kwenye sindano ndogo. Injini ikiwa moto na gari limesimama, bana mpira wa mafuta karibu na kabureta na uhesabu. Ikipandisha mngurumo kidogo na kuzima baada ya sekunde mbili hadi nne, iko sawa. Ikizima papo hapo, fungua kidogo. Ikichukua muda mrefu kabla ya kuzima, kaza kidogo. Hapa tumia hatua ndogo zaidi, moja ya kumi na sita.

4. Malizia na skrubu ya sailensa, injini ingurume bila magurudumu kuzunguka.

5. Rudi kwenye sindano kubwa na upime joto upya, kwa sababu sindano hizi husaidiana kazi.

Badilisha kitu kimoja kila mara. Anayegusa viwili kwa pamoja hatajua kipi kilichosaidia. Usifungue kupita kiasi pia. Silinda ya injini hizi ni nyembamba zaidi kwa juu, imetengenezwa itanuke ikipata joto. Injini ikikimbizwa ikiwa chini ya nyuzi 80 hivi, pistoni husugua kwa nguvu na mkono wake huumia.

Mahali na saa

Kabureta haijui umehama. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa. Gari lililorekebishwa Nairobi likishushwa Mombasa, au la Arusha likipelekwa Dar es Salaam, linakutana na hewa nzito kwa mafuta yaleyale. Mafuta yanakuwa machache na injini inachemsha. Joto na unyevu wa Pwani hupunguza pengo hilo kidogo tu. Kabla ya kuwasha huko chini, fungua sindano kubwa robo mzunguko, kisha urekebishe upya. Ukipanda, hali ni kinyume: utahitaji kukaza.

Hata mjini mwako saa zinatofautiana. Marekebisho ya saa nane mchana, hewa ikiwa moto na nyepesi, yatatoa mafuta machache mno saa moja asubuhi.

Mafuta nayo yana mchango. Ya Ulaya yanayouzwa kwa raia kwa kawaida hayazidi asilimia 16 ya nitromethani. Ya Marekani mara nyingi ni 20 hadi 30. Ukihama kutoka asilimia ndogo kwenda kubwa, fungua sindano. Chupa iliyokaa wazi hunyonya unyevu. Hiyo achana nayo. Usijaribu petroli na oili ya pikipiki: plagi hii huwasha methanoli kwa msaada wa platinamu kwenye waya wake, na petroli haina uhusiano huo nayo. Kumbuka pia kwamba mwali wa methanoli hauonekani vizuri juani, na methanoli ndiyo sumu ileile inayopofusha watu wakinywa pombe iliyochakachuliwa.

Yasiyo ya kabureta

Wakati mwingine mafuta ni sawa ila injini inabeba mzigo. Inua gari, zungusha magurudumu kwa mkono: breki isikwaruze, beringi zisikwame. Giya zisibanane: weka ukanda wa karatasi kati yake unapozifunga, kisha uuchomoe. Klachi inayoteleza hupasha joto mpaka kwenye shafti. Mapezi yaliyojaa tope hayapozi, na bodi isiyo na tundu la kuingiza hewa huifungia injini ndani. Nyasi ndefu zitachemsha hata injini iliyorekebishwa vizuri.

Andika kwenye daftari mahali, saa, mafuta, mizunguko ya sindano na joto lililosomwa. Baada ya muda utaanza kila siku karibu na jibu.

Kama umeziba uvujaji, umeondoa mzigo, na sindano bado haikai mahali pamoja, zungusha injini kwa kidole ikiwa baridi, na plagi ikiwa imefungwa. Injini nzima hukaza pistoni inapofika juu. Ikipita laini bila kizuizi chochote, silinda na pistoni vimekwisha. Weka bisibisi chini, ununue seti mpya.