SOMO LA AFYA: PUMZI NA WALINZI WAKE



Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2 mstari wa 7, chatufundisha kwamba uhai wa mwanadamu ulianza kwa pumzi iliyotoka kwa Mungu, nayo iliingia kwa njia ya pua. Mtu aweza kukaa siku kadhaa bila chakula, lakini bila pumzi hamalizi hata dakika chache. Basi tujifunze jinsi pumzi inavyosafiri mwilini, walinzi iliyopewa, na kazi tuliyoachiwa sisi wenyewe.

1. Njia ya pumzi

Hewa huingia puani, hupita kooni, kisha hushuka katika bomba la pumzi. Ukigusa shingo kwa mbele utalisikia gumu chini ya kidole. Ugumu huo ni wa gegedu, unaozuia bomba lisijifunge. Juu yake kipo kifuniko kidogo kinachoziba njia ya pumzi tunapomeza. Ndiyo maana mtu anayecheka huku anakula hupaliwa.

Ndani ya kifua bomba hilo hugawanyika matawi mawili, moja kwa kila pafu. Matawi nayo huendelea kugawanyika kama mizizi ya mti, mpaka yafike kwenye vifuko vidogo mno vya hewa. Mtu mzima anavyo kama milioni 300 au zaidi. Kuta zake ni nyembamba sana, na zimezungukwa na mishipa midogo ya damu. Hapo oksijeni huingia katika damu, na kabonidayoksaidi, ambayo ni taka ya mwili, hutoka. Katika hewa tunayovuta oksijeni ni sehemu 21 kwa 100. Katika ile tunayotoa hubaki kama 16.

Mapafu hayajivuti yenyewe. Chini yake upo msuli mpana uitwao kiwambo. Kiwambo kikishuka na mbavu zikipanuka, hewa huingia. Vikilegea, hewa hutoka. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika.

2. Walinzi

Vinyweleo vya pua huzuia vumbi kubwa. Ute hunasa vumbi dogo. Ndani ya bomba na matawi yake mna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huusukuma ute huo juu mpaka kooni, usiku na mchana. Kikohozi hutoa kinachobaki. Kwa hiyo kikohozi ni mlinzi anayepiga yowe. Nasi watu wa Mara twajua kwamba yowe likilia, mtu hageuzi ubavu akalala tena. Huamka akaone kuna nini.

3. Yanayowashinda walinzi

Moshi wa kuni una chembe ndogo mno zinazopita walinzi wote hadi kwenye vifuko. Mama apikaye juu ya mafiga katika jiko lisilo na dirisha huvuta moshi huo kila siku, pamoja na mtoto aliye mgongoni. Sigara huwalemaza wale wasukuma ute, hata uchafu ukakaa ndani. Na vijana wetu wanaokwenda kuchimba na kusaga mawe ya dhahabu upande wa Nyamongo huvuta vumbi la mawe. Vumbi hilo huacha makovu ya kudumu mapafuni. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, nao humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

4. Hesabu pumzi ya mtoto

Mtoto mwenye kikohozi aweza kuwa na nimonia, nayo huua upesi. Mtoto akiwa ametulia, inua nguo yake, shika saa, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Pumzi ni za haraka zikifika:

Chini ya miezi 2: mara 60 au zaidi.
Miezi 2 hadi 11: mara 50 au zaidi.
Mwaka 1 hadi miaka 5: mara 40 au zaidi.

Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea ndani avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, mpeleke kituo cha afya saa ile ile. Usingoje asubuhi.

5. Kikohozi cha wiki mbili

Mtu mzima akikohoa wiki mbili au zaidi, akapimwe makohozi. Kifua kikuu si laana wala aibu. Ni vijidudu vinavyosafiri hewani, nacho hupona. Nchi yetu ina historia ya heshima katika jambo hili. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ikisaidiwa na Daktari Karel Styblo. Ilionekana kwamba mgonjwa akiandikishwa, akameza dawa mbele ya mtu wa kumsimamia, na akafuatwa hadi mwisho, hupona. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliupendekeza utaratibu huo kwa mataifa yote.

Dawa hutolewa bure, na kwa kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi 6. Hatari ni hii: baada ya mwezi mmoja au miwili mgonjwa hujisikia mzima, akaacha. Vijidudu vilivyobaki huweza kuwa sugu, naye huwaambukiza walio nyumbani mwake. Hapa ndipo Kanisa linapohitajika. Jirani amwone akimeza dawa, wala asimtenge.

6. Ya kufanya

Tupanue dirisha la jiko na kukausha kuni. Wachimbaji wayalowanishe mawe kabla ya kuyavunja. Madirisha ya kanisa na ya nyumba yawe wazi.

Maswali ya kikundi:
(a) Vinyweleo vya ndani ya bomba la pumzi hufanya kazi gani?
(b) Mtoto wa miezi 8 anapumua mara 54 kwa dakika. Utafanya nini?
(c) Katika mtaa wetu, ni nani anayekohoa zaidi ya wiki mbili, na ni nani atakayemsindikiza kwenda kupimwa?

Bwana atujalie kuitunza pumzi aliyotupa. Amina.