Kiti cha Pikipiki na Afya ya Kiuno

Wengi katika familia zetu husafiri mwendo mrefu kwa pikipiki, kisha hulalamika kuumwa makalio na kiuno. Wengine huongeza sponji laini kabisa wakidhani ndiyo dawa. Sivyo. Tunapoketi, uzito hubebwa na mifupa miwili ya makalio. Sponji laini mno hubonyea mpaka mifupa hiyo ikutane na sehemu ngumu ya kiti. Damu haipiti vizuri, ndipo maumivu na ganzi huanza.

Tuchague mto hivi:

1. Tuukandamize kwa goti. Tukihisi ugumu wa chini, haufai.
2. Uwe mpana wa kutosha makalio yote mawili, lakini usiwe mnene hata miguu ya dereva isifike chini.
3. Kitambaa chake kisizuie jasho kukauka, kwani jasho huleta vipele.
4. Ufungwe imara usiteleze.

Hata mto mzuri hautoshi: kila baada ya saa moja hivi tushuke, tutembee kidogo. Na mwenye maumivu ya kiuno akipata ganzi kati ya mapaja, au akishindwa kukojoa au kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu.