Rubani Ndani ya Ukungu: Fizikia ya Hadithi ya Mzimu

Mwaka 1975 mwandishi Mwingereza Frederick Forsyth, aliyewahi kuwa rubani katika Jeshi la Anga la Uingereza, alitoa kitabu kifupi kiitwacho The Shepherd, yaani Mchungaji. Mwaka 2023 kitabu hicho kilitengenezewa filamu chini ya uongozi wa Iain Softley. Kisa chenyewe ni cha mkesha wa Krismasi wa mwaka 1957. Rubani kijana anaondoka Ujerumani peke yake katika ndege ya jeti aina ya Vampire, akirejea nyumbani Uingereza. Juu ya Bahari ya Kaskazini umeme wa ndege unakatika. Redio inanyamaza na dira haitegemeki tena. Nchi kavu imefunikwa na ukungu, na mafuta yanazidi kupungua. Ndipo inapotokea ndege ya zamani ya vita, aina ya Mosquito, inayomwongoza hadi uwanjani. Baadaye anatambua kwamba rubani wa Mosquito hiyo alipotea baharini mwaka 1943.

Wapenzi wa ndege za kale huijadili hadithi hii kwa hamu, wala si kwa sababu ya mzimu peke yake. Swali lao ni hili: mzimu ukiwekwa kando, je, mengine yote yangeweza kutokea? Swali hilo ni la kisayansi, na sehemu kubwa ya jibu lake imo katika masomo ya sekondari.

Ukungu

Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto kwa mnururisho. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa pia. Ikipoa kupita kiasi fulani, haiwezi tena kubeba mvuke wote uliomo. Mvuke huo hugeuka matone madogo sana, ambayo hutawanya nuru. Wataalamu wa hali ya hewa huuita ukungu pale mtu asipoweza kuona umbali wa mita 1,000. Kwa hiyo rubani aliye juu huweza kuona mwezi na nyota waziwazi, huku uwanja ulio chini yake umefichika kabisa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walipambana na adui huyu kwa kuchoma petroli kandokando ya njia za kutulia ndege. Hewa iliyopashwa joto iliweza kubeba mvuke zaidi, na matone yakayeyuka. Gharama ilikuwa kubwa, lakini wanahewa wengi waliokolewa.

Pembetatu angani

Rubani asiye na redio anawezaje kuomba msaada? Katika hadithi, kijana huyo anaruka kwa kufuata pembetatu ndogo, kila upande dakika mbili, ili mtazamaji wa rada aone mwendo usio wa kawaida. Kwa mfano, ndege iendayo kilomita 480 kwa saa hupita kilomita 8 kwa dakika. Kila upande basi ni kilomita 16, na pembetatu nzima ni kilomita 48, yaani dakika sita.

Rada hutuma mawimbi yaendayo kilomita 300,000 kwa sekunde na kupokea mwangwi wake. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, mawimbi yamesafiri kilomita 300 kwenda na kurudi. Ndege iko umbali wa kilomita 150. Lakini ishara hiyo haina faida pasipo mtu aliye macho mbele ya chombo.

Ndege mbili za ukoo mmoja

Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940, na Vampire, iliyoruka mwaka 1943, zote zilibuniwa na kampuni ya de Havilland. Kiwiliwili cha Mosquito kilikuwa cha mbao nyepesi ya balsa iliyobanwa kati ya tabaka za plaiwudi. Sehemu aliyokaa rubani wa Vampire ilijengwa kwa njia hiyohiyo, ingawa mabawa yake yalikuwa ya chuma chepesi. Vampire ilikuwa na kasi zaidi, lakini iliweza kupunguza mwendo na kuruka sambamba na Mosquito. Hatari ilikuwa kwenye mafuta: injini ya jeti hula mafuta mengi zaidi kwa kila kilomita inaporuka chini kuliko inaporuka juu. Kumfuata mchungaji kushuka chini kulikuwa ni kutumia akiba ya mwisho.

Mipaka ya ushahidi

Basi ukungu, pembetatu na ndege mbili kuruka pamoja ni mambo yanayoweza kupimwa. Mzimu haupimiki, wala hadithi haikudai kuthibitisha. Mwanafunzi anaweza kuifurahia filamu kwa moyo wote, na bado akatenganisha lililopimwa na lililobuniwa.

Maswali

1. Kwa nini ukungu wa namna hii hutoweka jua linapopanda?
2. Mwangwi wa rada umerudi baada ya sehemu mbili za elfu ya sekunde. Ndege iko umbali gani?
3. Ndege iendayo kilomita 360 kwa saa inafuata pembetatu yenye pande za dakika mbili. Tafuta urefu wa kila upande.