Fanani wa Lugha Mbili: Kiswahili, Kiingereza na Kimya katika Uigizaji wa Amandina Lihamba

1.0 Utangulizi

Mjadala wa uwililugha katika Afrika Mashariki aghalabu huanzia darasani, ofisini au sokoni. Makala haya yanauhamishia jukwaani na kwenye filamu, kwa kuchunguza kazi za Amandina Lihamba, mwigizaji, mwandishi na mwalimu wa sanaa za maonyesho. Hoja kuu ni kwamba umahiri wa fanani wa lugha mbili haupimwi kwa wingi wa maneno anayoyamudu katika kila lugha. Hupimwa kwa uamuzi wake: lugha ipi aipe hadhira ipi, na wakati gani aziweke kando zote mbili.

2.0 Mgawanyo wa Lugha katika Maandishi

Lihamba, aliyezaliwa mwaka 1944, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi kufikia cheo cha profesa. Tasnifu yake ya udaktari, iliyowasilishwa Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 1985, iliandikwa kwa Kiingereza na inahusu siasa na tamthilia nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Tamthilia zake, kinyume chake, ni za Kiswahili: Hawala ya Fedha (1980), Harakati za Ukombozi (1982), aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, na Mkutano wa Pili wa Ndege (1992).

Msomaji wa haraka ataiona hapa diglosia ya kawaida: Kiingereza juu, Kiswahili chini. Hawala ya Fedha inaupinga usomaji huo. Chanzo chake ni hadithi ya Ousmane Sembène aliyoiandika kwa Kifaransa, kisha mwaka 1968 akaitolea filamu, Mandabi, kwa Kiwolofu. Mhusika wake mkuu ametumiwa hawala kutoka Paris, lakini hawezi kuichukua fedha hiyo kwa kuwa hana kitambulisho, wala hajui kusoma lugha ya ofisi. Kisa chenyewe, basi, ni cha mtu aliyefungiwa mlango na lugha. Kukileta kwa Kiswahili ni kuwapa kisa hicho watazamaji ambao nao wamewahi kusimama mbele ya dirisha la namna hiyo. Kilichoamua lugha ni hadhira, si hadhi.

3.0 Filamu na Kimya

Lihamba aliigiza katika Arusi ya Mariamu (1985), filamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill inayohusu maradhi na tiba ya jadi. Baadaye aliigiza katika Maangamizi: The Ancient One, iliyoongozwa na Martin Mhando na Mulvihill, ambayo mwaka 2001 iliwasilishwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Jina la filamu hiyo lina nusu mbili, wala nusu moja si tafsiri ya nyingine. Ya Kiingereza inataja ukale. Ya Kiswahili inataja kuangamia. Vivyo hivyo, mhusika anayeigizwa na Lihamba anaitwa Samehe. Kwa mtazamaji wa kigeni hilo ni jina tu. Kwa Mswahili ni kitenzi, na tena ni amri.

Samehe ni mgonjwa katika hospitali ya akili ambaye hajasema kwa miaka mingi. Daktari wake, Asira, anatoka Marekani. Hivyo fanani mwenye lugha mbili ananyang'anywa zote, akabakiziwa macho, pumzi na mwili. Kimya hiki si upungufu wa lugha. Ni msimbo wa tatu, na mtazamaji wa Kiswahili na wa Kiingereza wanaupokea bila mkalimani.

4.0 Mtihani wa Kidichi

Upo uwililugha mwingine usiohusu Kiingereza. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo, msikilizaji wa Kidichi, nje kidogo ya Mji Mkongwe, anaisikia jukwaani lugha iliyo jirani na ya nyumbani kwake, huku mwigizaji kutoka bara akiwa amejifunza sura yake ya vitabuni. Lafudhi humtambulisha fanani kabla ya maleba. Suala hili linajitokeza wazi katika kazi kama Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi inayosawiri Zanzibar ya miaka ya 1950, ambayo Amil Shivji aliitolea filamu mwaka 2021. Usanifu wa lugha pekee hautoshi kumjenga mhusika wa Unguja.

5.0 Hitimisho

Mafunzo ya uigizaji yanayompima mwanafunzi kwa ufasaha wa sanifu na kwa nadharia za Kiingereza yanaacha nje lahaja na kimya. Inafaa wanafunzi waitazame Maangamizi bila tafsiri ya maandishi, wabainishe ni wapi maana inabebwa na neno, wapi na jina, na wapi na mwili. Kazi ya Lihamba inaonyesha kwamba fanani anayejua lugha mbili ana wajibu mzito kuliko anayejua moja: kila anapofumbua kinywa, amekwisha kuchagua atakayeelewa na atakayeachwa nje.