KUTAFUTA SANDUKU KWA GPS: TUPANGE NAMNA GANI, TUNUNUE NINI?



Tangu tuliposoma karte na busole katika somo la jiografia, wengi wametuuliza juu ya mchezo unaoitwa jiokashingi, ni kusema mchezo wa kutafuta sanduku lililofichwa, ukiongozwa na masini ya GPS. Wengine wanasema franka za kasha letu zinunue masini. Wengine wanasema hapana, telefone za waalimu zinatosha, franka zile zinunue mpira. Mbele ya kukata shauri ni vizuri tujue kitu chenyewe. Katika Luka sura ya 14 tunasoma habari za mtu ambaye, mbele ya kujenga mnara, anakaa kwanza kuhesabu gharama. Sisi pia tukae kidogo.

Mchezo huu ulianza Marekani, katika jimbo la Oregon. Zamani serikali ya Marekani ilikuwa inaharibu kwa makusudi alama za satelite zake kwa watu wasio askari, hata masini ya raia iliweza kukosea metre 100. Tarehe 1 Mei 2000 Raisi Bill Clinton alitangaza kwamba jambo hilo linakomeshwa, na usiku ule ule masini zote za dunia zikawa nzuri zaidi, pasipo mtu kununua kitu chochote. Tarehe 3 Mei bwana mmoja, Dave Ulmer, alitaka kupima kama ni kweli. Alichukua ndoo nyeusi ya plastiki, akaiweka msituni karibu na Beavercreek, si mbali sana na mji wa Portland. Ndani alitia kaye, kalamu, vitu vidogo vya kubadilishana, na hata kopo moja la maharagi. Kisha akatangaza namba za fasi ile: kaskazini 45° 17.460', magharibi 122° 24.800'. Hakusema njia gani, wala mti gani. Namba tu. Siku chache kisha watu walikuwa wamekwisha kuifikia ndoo, na wa kwanza alikuwa Mike Teague. Sheria ya Ulmer ilikuwa fupi: ukitoa kitu uache kitu, na uandike katika kaye.

Leo kuna sanduku za namna hii zaidi ya milioni 3 katika dunia. Maharagi ya Bwana Ulmer yangekatazwa sasa, kwa sababu chakula kinaita nyama za porini. Hata kuchimba udongo ili kuzika sanduku kunakatazwa.

Sasa masini yenyewe. Wengi wanafikiri GPS inatuma kitu juu mbinguni. Sivyo. Inasikiliza tu, kama radio. Satelite za GPS zinazunguka dunia kilometre 20,200 juu yetu, na kila moja inasema pasipo kuchoka: mimi ni fulani, niko fasi fulani, na saa yangu ni hii. Sauti yao inakimbia kilometre 300,000 kwa segonde moja. Masini inapima imechelewa kiasi gani, njo inajua satelite iko mbali kiasi gani. Ikisikia nne inaweza kujua fasi iko, na kimo chake. Kwa nini nne na si tatu? Kwa sababu saa ya satelite ni ya bei kubwa sana, lakini saa ya masini ya mkononi ni ya bei ndogo, na satelite ya nne inasaidia kuirekebisha. Saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya segonde, kosa chini linakuwa metre 300.

Kwa hiyo masini haioni sanduku. Masini inajua tu wewe uko wapi, na namba ulizoandika ndani yake ziko upande gani. Fasi palipo wazi itakufikisha karibu metre 3 mpaka 5. Chini ya miti minene, katika bonde jembamba, au karibu na ukuta mrefu, alama zinagonga na kurudi kama sauti ya kengele mlimani, na kosa linakuwa kubwa zaidi. Ukifika metre 10, ondoa macho kwenye masini, angalia mawe na mizizi.

Tunataka kukaa hapa kidogo juu ya namba, kwa sababu kundi linalokosea namba linatembea bure siku nzima hata kama liko na masini ya bei kali.

Degre moja ya kwenda kaskazini au kusini ni kilometre 111 hivi. Degre inagawanywa katika minuti 60, kwa hiyo minuti moja ni metre 1,852, na sehemu moja ya elfu ya minuti ni chini ya metre 2. Njo maana watu wa jiokashingi wanaandika tarakimu tatu nyuma ya nukta. (Masini inaweka nukta fasi ambapo sisi katika hesabu tunaweka vergule. Msichanganyikiwe.) Kwa kwenda mashariki au magharibi, hapa kwetu karibu na ekwateri minuti moja ni karibu sawa na ile, lakini kule Oregon ni kilometre 1.3 tu, kwa sababu mistari ile inakaribiana ikienda kwenye ncha ya dunia.

Hatari ni kwamba namba moja inaandikwa kwa namna tatu. Namba ya Bwana Ulmer, 45° 17.460', ni degre na minuti. Kwa degre peke yake ni 45.29100°. Kwa degre, minuti na segonde ni 45° 17' 27.6". Zote ni fasi moja. Lakini mtu akiandika 45.17460 katika masini inayongoja degre peke yake, atapelekwa karibu kilometre 13 mbali. Akisoma 17.460 kama minuti 17 na segonde 46, atakosea zaidi ya metre 560. Kosa hili ni baya kuliko lile kubwa, kwa sababu bado unaona milima ile ile na unaamini uko sawasawa.

Na herufi S! Mji wa Bukavu uko karibu degre 2 na minuti 30 kusini ya ekwateri, degre 28 na minuti 52 mashariki. Ukisahau S ukaandika N, masini pasipo haya itakuonyesha msitu wa upande wa Mungbere, kilometre 555 kwenda kaskazini. Haitakuuliza kama una akili.

Dawa ni ndogo. Watu wawili washike kazi hii. Mmoja anasoma namba kwa sauti, mwingine anaziingiza. Kisha yule aliyeingiza anasoma zile za masini, na wa kwanza anafuata kwenye karatasi. Mbele ya kutoka muangalie masini inasema umbali gani. Ikisema kilometre 40 na ninyi mnajua sanduku liko nyuma ya kilima, msianze kutembea.

Tufike kwa swali la kununua. Telefone nyingi za sasa ziko na GPS ndani. Watu wanasema inakula mega. Kusikiliza satelite hakuli mega hata moja; kinachokula ni karte, na karte inaweza kuingizwa mbele, mjini, kisha ikatumika porini pasipo rezo. Ila pasipo rezo telefone inaweza kukawia kupata fasi yake mara ya kwanza, kwa sababu satelite inasema polepole: orodha nzima ya satelite inachukua minuti 12 na nusu kufika. Iweke nje, chini ya mbingu wazi, ungoje. Udhaifu wa telefone ni mwingine: batri inakwisha mbio kioo kikiwaka, mvua inaiua, na ikianguka juu ya jiwe ni kilio. Tena ni telefone ya mtu. Ikipasuka katika mchezo wetu, nani atalipa?

Masini ya mkononi ni kinyume. Haina uzuri, kioo chake ni kidogo, lakini inatumia pile mbili ndogo ambazo zinauzwa katika maduka. Tuchukue mfano wa Garmin eTrex 10, iliyotoka mwaka wa 2011: mtengenezaji anasema saa 25 kwa pile mbili, na inavumilia kuzama metre moja ya maji kwa minuti 30. Ndugu yake eTrex SE, ya mwaka wa 2023, anasema saa 168. Hakuna karte za rangi ndani yake, na kwa kazi yetu hatuzihitaji. Jambo moja la kujua: eTrex 10 haina busole ya sumaku ndani. Ukisimama, mshale unazungukazunguka kama mlevi. Tembea hatua kumi, utatulia. Kwa hiyo busole yetu ya darasa isiachwe nyumbani.

Juu ya pile: zile za bei ndogo sana zinakufa katikati ya njia. Tununue za alkaline, au zile za kuchajiwa pamoja na chaja yake, na kuiambia masini ni namna gani tumetia. Tusichanganye pile mpya na ya zamani.

Shauri letu ni hili: kasha linunue masini moja tu, ya namna rahisi, na pile nne, mbili za kufanya kazi na mbili za akiba. Telefone ya mwalimu ibaki mfukoni, imezimwa, kwa siku ya shida. Masini tatu za bei kubwa ni kiburi. Mpira pia tutaununua, lakini muhula ujao.

Kupanga matembezi yenyewe ni kazi ya siku moja mbele. Kundi liwe la watu wanne au watano. Wakizidi, nusu wanapiga masolo nyuma na hawatafuti kitu. Masini inapima umbali kama ndege anavyoruka. Inasema metre 800, na katikati kuna korongo. Kwa hiyo tuangalie karte na tuulize mtu wa fasi ile. Mscotland mmoja, William Naismith, alitoa hesabu mwaka wa 1892 ambayo watu wa milima wanaitumia hata leo: kilometre 5 kwa saa moja, na uongeze saa moja kwa kila metre 600 za kupanda. Njia ya kilometre 4 yenye kupanda metre 300 ni minuti 48 na minuti 30, jumla saa moja na minuti 18. Hiyo ni kwa mtu mwenye nguvu. Tuongeze nusu saa ya kutafuta, na nusu saa kwa sababu ya wadogo wetu. Huku jua linazama karibu saa kumi na mbili na giza linaingia mbio, basi saa ya kurudi iandikwe kwenye karatasi, na ikifika tunarudi, sanduku limeonekana ao halikuonekana. Na mbele ya hatua ya kwanza tuweke katika masini namba za fasi tunayotoka. Wengi wanasahau hii, na njo inayokurudisha nyumbani.

Kuna mambo mawili ya hatari. Mwezi wa 6 mwaka wa 2018, katika mji wa Prague, watu wa mchezo huu waliingia katika mfereji wa chini ya ardhi. Mvua kubwa ikanyesha juu, maji yakajaa kwa nguvu, wawili wakafa. Sisi wa nchi ya milima tunajua korongo linavyobadilika mvua ikinyesha huko juu, hata kama hapa jua linawaka. Sanduku lisifichwe katika korongo wala chini ya daraja.

La pili ni kwamba sanduku lililofichwa linafanana na kitu kibaya. Mwaka wa 2011, Wetherby katika Uingereza, watu waliogopa kisanduku karibu na mkahawa, na wataalamu wa bomu wakakilipua. Kilikuwa cha mchezo tu. Katika mkoa wetu, ambapo watoto wanafundishwa kila siku wasiguse kitu wasichokijua porini, na inafaa wafundishwe hivyo, hatuwezi kuficha kopo kando ya njia na kuwaambia wadogo wetu walifungue. Tena mtu anayezunguka na masini mkononi anaweza kuzaniwa anapima shamba la watu, ao anatafuta madini. Kwa hiyo tunaomba mchezo ufanywe ndani ya konsesio ya shule tu, kwa ruhusa ya Prefe, na jirani wajulishwe mbele. Sanduku liwe la plastiki ya kuonyesha ndani, liandikwe jina la shule na neno MCHEZO kwa Kiswahili na Kifaransa. Ndani: kaye, kalamu, vitu vidogo. Hakuna chakula, hakuna kisu, hakuna dawa.

ZOEZI. Namba hizi ni za mfano. Mlango uko 2° 30.300' S, sanduku liko 2° 30.400' S, na longitudi ni moja. (1) Sanduku liko metre ngapi kutoka mlangoni, na upande gani? (2) Andika namba ya mlango kwa degre peke yake. (3) Mwanafunzi ameandika 2.30300 fasi ya namba ya mlango. Amekosea kilometre ngapi?

Majibu yaletwe kwa shefu wa darasa mbele ya siku ya posho, pamoja na majina ya wale wanaotaka kuwa katika kundi la kwanza. Kila mmoja alete kaye, biki na chupa ya maji.